Habari za Jiko la Mafuta ya Taa Huku Dodoma

Karibuni tena darasani. Na wewe usiyesikia redio, bali unalisoma somo hili kwenye karatasi, karibu vilevile. Vuta kiti.

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Twataka kuzungumza habari za kitu kidogo cha bati, chenye tambi kumi hivi, ambacho huenda kipo sasa hivi uvunguni mwa kitanda chako kimeshika kutu. Nacho ni jiko la mafuta ya taa. Wengine huliita stovu, wengine huliita mchina. Huku Dodoma, na Kondoa, na Mpwapwa, na kule Manyoni, jiko hili liliingia, likapendwa, likaachwa, likarudi, likaachwa tena. Nitajaribu kuwaonyesha ya kwamba kila lilipoingia na kila lilipotoka, neno halikukatwa jikoni. Lilikatwa mbali, na watu ambao siku ile hawakuwa wakifikiri habari za ugali hata kidogo.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Uwanda wetu wa kati uko juu. Mji wa Dodoma upo mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hivi mpaka Aprili, nayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miti yake ni migunga, mikwaju, mibuyu na vichaka vya miiba. Mbuyu ni mkubwa sana, lakini mpishi yeyote atakuambia haufai kuni. Basi kuni nzuri katika nchi hii si kitu cha kuokota mlangoni.

Wagogo wa zamani walikaa katika tembe, yaani nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa, limelazwa magogo na fito kisha likafunikwa udongo. Moto wa mafiga uliwashwa humo humo ndani. Tena moto huo ulikuwa na kazi nyingi. Ulisonga ugali wa uwele na wa mtama, ulipika mlenda, ulitoa mwanga wa kuzungumzia hadithi. Mwezi wa Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapokata masikio usiku, moto ndio uliowapa watoto joto. Hata moshi wake ulikuwa na faida, kwa maana uliikausha miti ya dari isiliwe upesi na wadudu. Mtu wa tembeni aliposema "moto" alikuwa akitaja jiko na taa na blanketi kwa mara moja. Lishikeni neno hili, kwa kuwa jiko la mafuta lafanya kazi moja tu katika hizo.

Lakini tusiusifu moshi mno. Uliumiza macho na vifua vya akina mama na watoto waliokaa karibu nao, na hata leo waumiza.

Sasa mafuta yenyewe yalitoka wapi? Jina lake latuambia: ni mafuta ya taa. Hayakuja kwa ajili ya kupika. Mwaka 1846, huko Kanada, daktari mmoja aitwaye Abraham Gesner aliwaonyesha watu mafuta ya kuwasha taa aliyoyatoa katika makaa ya mawe. Mwaka 1859 Edwin Drake akachimba kisima cha mafuta pale Titusville, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, na baada ya hapo mafuta ya taa yakaanza kuuzwa dunia nzima kwa bei ambayo mafuta ya nazi na mafuta ya nyangumi hayakuweza kushindana nayo. Yalisafirishwa katika masanduku ya mbao, kila sanduku madebe mawili, na kila debe galoni nne za Kiingereza, ndiyo kusema lita 18 hivi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ya hilo debe.

Mwaka 1892 mfanyabiashara mmoja wa London, Marcus Samuel, alipitisha meli yake, jina lake Murex, katika mfereji wa Suez. Meli hiyo ilibeba mafuta ya Urusi tumboni mwake, bila madebe. Alifikiri amewashinda Wamarekani, maana hakulipa gharama ya bati wala ya mbao. Mafuta yalipofika Mashariki ya Mbali, wanunuzi hawakuyachangamkia. Kumbe walikuwa wakinunua mafuta, na debe pia! Debe ndilo lililoezekea nyumba, ndilo lililotekea maji. Ikambidi bwana yule atengeneze madebe yake mwenyewe, akayapaka rangi nyekundu ili yashindane na ya buluu ya Wamarekani.

Na sisi hatukuwa tofauti na watu hao. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910. Kabla ya hapo kila kitu kutoka pwani kilikuja juu ya vichwa vya wapagazi kwa njia ya Mpwapwa, na mzigo wa kumiminika si mzigo wa kupendeza kichwani. Treni ilipofika, maduka yakafuata, na mafuta yakafuata maduka. Debe likikwisha mafuta lilianza maisha yake ya pili: kuteka maji, kupima mtama, kuchemshia pombe, na likitoboka lilipasuliwa likawa mlango au kipande cha paa. Mpaka leo mkulima wa Kongwa atakutajia mavuno yake kwa madebe, na mtu anayemfanyia mwenziwe kampeni twasema anampigia debe. Vibati vidogo navyo mafundi walivigeuza kuwa vibatari. Mwenye uwezo alinunua taa ya chemli. Hivyo kwa miaka mingi mafuta haya yalikuwa mwanga usiku, na bati mchana. Chakula kilibaki mafigani.

Jiko lake lilikuja kutoka Sweden. Mwaka ule ule wa 1892, katika mji wa Stockholm, fundi mmoja aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko lisilo na utambi, likaitwa Primus. Nataka mlifahamu lilivyofanya kazi, maana ni werevu mkubwa. Chini kuna tangi la shaba nyeupe au nyekundu, nusu lina mafuta na nusu hewa. Pembeni pana pampu. Kwanza wamimina spiriti kidogo katika kikombe kilichozunguka shingo ya jiko, waiwasha, wangoja mabomba ya juu yapate moto. Kisha wapiga pampu. Hewa yakandamiza mafuta, mafuta yapanda katika mabomba yale ya moto, na humo yageuka kuwa mvuke. Mvuke watoka kwa nguvu katika kitundu chembamba kama ncha ya sindano, wachanganyika na hewa, wawaka mwali wa buluu wenye kuvuma. Hakuna moshi wala masizi. Kitundu kikiziba, kuna kisindano cha kukizibulia. Ukitaka kuzima, wafungua kiskrubu cha hewa, mwali wafa.

Jiko hili ndilo Roald Amundsen alilochukua alipofika Ncha ya Kusini ya dunia mwaka 1911, mahali ambapo hapana kuni hata kijiti. Ukilifikiri hivyo utaona kwamba lilifaa pia nchi kavu kama yetu. Lakini halikuingia tembeni. Lilikaa na maofisa waliokwenda safari na mahema, na wamisionari, na Wahindi wenye maduka waliolijua tangu kwao Bara Hindi, na watu wa mshahara. Sababu zaeleweka. Bei yake ilikuwa kubwa. Lilitaka spiriti, na vipuri, na mkono uliozoea. Mtu akikosea akatia petroli badala ya mafuta ya taa, jiko lilikuwa bomu.

Tena kuna sababu moja ambayo wenye viwanda vya Ulaya hawakuwa na haja ya kuifikiri. Wao walipika mayai na chai. Sisi twasonga ugali. Ugali wa uwele wa watu wanane wataka mwiko mrefu na mabega, na sufuria sharti ikae imara kama imepandwa. Mafiga matatu hayatikisiki. Jiko la miguu mitatu myembamba, juu yake sufuria nzito, na mama anasukuma mwiko kwa nguvu zote, hilo ni jambo la hatari. Akina mama wengi waliopata jiko la mafuta walilishusha chini sakafuni, wakaishika sufuria kwa miguu au wakamwita mtoto aishike kwa matambara. Ni watoto wangapi walioungua hivyo, hakuna daftari lililoandikwa.

Jiko lililoingia kwa watu wa kawaida ni lile la tambi, la bei nafuu. Yaliletwa kwa wingi kutoka Uchina katika miaka ya baada ya Uhuru, na ndiyo asili ya jina la mchina. Hili halina pampu. Tambi za pamba zasimama kwa duara, miguu yake ndani ya mafuta, nazo hunyonya mafuta kama vile kitambaa kinyonyavyo maji. Juu yake pana mikebe miwili yenye vitundu, mmoja ndani ya mwingine, na hewa hupita katika vitundu hivyo ikachanganyika na mvuke wa mafuta. Tambi zikiwa safi na zimekatwa sawasawa, mwali ni buluu. Zikichakaa, mwali huwa mwekundu, na sufuria yako itakuwa nyeusi kama ya kuni. Kila mwenye nalo aijua ile harufu ya wakati wa kulizima, harufu inayoingia mpaka kwenye mkate. Mimi mwenyewe sijaisahau.

Lilimfaa nani? Lilimfaa mpangaji: karani, mwalimu mgeni, fundi wa reli, mama muuguzi anayetoka zamu usiku, mtu mwenye chumba kimoja asiye na ua wala mahali pa kuweka kuni. Asubuhi awasha kiberiti, chai tayari kabla ya saa moja. Jioni ya Julai lakini, chumba kilibaki baridi, maana jiko hili likizimwa halina kaa la kuota.

Sasa tufike mwaka 1973, mwaka ambao wenzetu wa Dodoma wana haki ya kuukumbuka kuliko miaka mingine.

Mwaka huo mambo matatu yalikutana. La kwanza mwalijua: mwezi wa Oktoba, TANU ilikata shauri kwamba makao makuu ya Serikali yahame Dar es Salaam yaje Dodoma. Mji uliokuwa na watu kama 23,500 katika hesabu ya mwaka 1967 sasa ungekuwa mji mkuu, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ili kuujenga. La pili, mwaka huo huo ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliufupisha wakauita HADO. Serikali iliona kwamba ardhi inaondoka. Huko Kondoa makorongo yalikuwa yamekula mashamba mpaka mtu aliweza kupotea ndani yake. Miti ilikwisha kukatwa, mifugo ilikuwa mingi, na watu walikuwa wamekusanywa vijijini tangu Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, hata miti ya karibu na kijiji ikamalizwa kwanza. HADO ilipanda miti na kuchimba matuta ya kuzuia maji; na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika zaidi. Fedha za msaada zilitoka Sweden, nchi ile ile iliyotoa Primus. Haya yametokea tu, wala msitafute siri ndani yake.

Basi fikirini kama mpangaji wa mji. Watu watakuja kwa maelfu katika nchi isiyo na kuni, na Serikali yataka miti isikatwe. Je, watu hao watapikia nini? Jibu lililokuwa wazi ni mafuta ya taa. Tangu mwaka 1966 tulikuwa na kiwanda chetu cha kusafishia mafuta, TIPER, pale Kigamboni, na treni ilikuwapo ya kuyaleta.

Lakini jambo la tatu likaja, nalo likaja Oktoba ile ile. Vita vilipiganwa kati ya Waarabu na Israeli. Nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta waliyouza, na bei ya pipa moja, iliyokuwa chini ya dola 3 mwanzoni mwa Oktoba, ilikuwa zaidi ya dola 11 ilipofika Januari 1974. Kiwanda cha Kigamboni kilikuwa chetu na Waitalia, lakini mafuta ghafi yalitoka ng'ambo, na bei ilikatwa ng'ambo. Mwaka 1979 ikapanda tena, ikapita dola 30 mwaka uliofuata.

Sidhani kama kuna mji mwingine uliozaliwa kwa bahati ya namna hiyo. Mwezi ule ule ulioambiwa ukue, ukanyang'anywa moto wa kukulia. Mtu wa Dodoma aliyekuwa ameanza kuzoea mchina wake aliuweka pembeni, akanunua mkaa. Na mkaa, ndugu zangu, ni mti uliokwisha kuliwa mara moja kabla hujauwasha, kwa maana tanuri la kawaida la udongo hula kilo sita, saba au zaidi za mti kwa kila kilo moja ya mkaa. Magunia yakaanza kushuka kwa baiskeli na kwa malori kutoka vichaka vya mbali, huku redio, katika kampeni ya elimu ya watu wazima ya mwaka 1980, ikifundisha kwamba misitu ni mali. Yote mawili yalikuwa kweli kwa siku moja: somo lilikuwa sahihi, na mama alihitaji mkaa.

Miaka ya themanini sina haja ya kuieleza kwa urefu. Wenye umri wangu waikumbuka foleni ya mafuta ya taa, na ya sabuni, na ya sukari. Mtu aliacha chupa yake katika mstari ishike nafasi, akaenda kazini.

Baadaye biashara ilifunguliwa, na jiko likarudi. Majiko ya tambi yakajaa madukani. Kodi ya mafuta ya taa iliwekwa chini kwa makusudi, kwa hoja kwamba ndiyo taa ya maskini. Dodoma ikapata wapangaji wapya wengi, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Dodoma kufunguliwa mwaka 2007. Kila duka la mtaani lilikuwa na pipa na mrija, na mafuta yaliuzwa kwa lita, kwa nusu, hata kwa kichupa cha soda. Kichupa hicho nacho kilileta msiba katika nyumba nyingi, maana mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Mafuta hayo yakiingia katika mapafu huua. Ukiyaweka nyumbani, yaweke juu, katika chombo kisichofanana na cha kunywea. Na mtoto akinywa usimtapishe, mkimbize hospitali.

Ndipo likazuka neno ambalo vijana walilipenda: kuchakachua. Kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo na dizeli ina kodi kubwa, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya, wakauza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli. Injini za malori zikaharibika, na Serikali ikapoteza mapato. Dawa iliyochaguliwa katika Bajeti ya Juni 2011 ilikuwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 mpaka shilingi 400 na senti 30 kwa lita, ili bei zikaribiane na mchanganyaji asipate faida.

Mchanganyaji kweli alibanwa. Nami siwezi kusema kwamba Serikali haikuwa na sababu. Mwenye lori aliyeharibiwa injini alikuwa amedhulumiwa. Lakini hesabu ya dawa hiyo ilipelekwa mlango usio wake. Aliyechakachua alikuwa na bohari na magari ya tangi. Aliyelipa alikuwa mtu wa chumba kimoja pale Chang'ombe au Makole, anayenunua nusu lita kwa siku, ambaye hakupata kuiona dizeli ila barabarani. Wengi wakayaweka majiko uvunguni. Wachache wenye uwezo wakanunua mtungi wa gesi. Wengine wakarudi kwenye mkaa, na vichaka vya Dodoma vikalipa sehemu yao.

Mtu asifikiri kwamba nalilia jiko hili. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema mafuta ya taa yasitumiwe nyumbani, kwa ajili ya hewa chafu inayotoka katika mwali wake, na kwa ajili ya kuungua na sumu. Ni kweli mwali wa buluu ni safi kuliko moshi wa mafiga, lakini mapafu yana kipimo chao. Ninachodai mimi ni kidogo zaidi ya hapo. Nadai kwamba jiko hili halikuachwa kwa sababu ya afya ya mpishi. Mwongozo ule ulipotoka, watu wetu wengi walikuwa wamekwisha kuliacha miaka mitatu nyuma kwa sababu ya malori.

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapikie nishati safi, kama vile gesi na umeme. Nao mji wa Dodoma, kwa hesabu ya mwaka 2022, ulikuwa na watu 765,179. Kila mmoja wao hula jioni. Mtungi wa gesi nao huja kwa meli, na bei yake hukatwa ng'ambo, kama ya lile pipa la 1973. Tena kuujaza mtungi wataka fedha nyingi kwa mara moja, na mtu anayepata fedha yake kwa siku hununua moto wake kwa siku. Mkaa wauzwa kwa kopo. Mafuta ya taa yaliuzwa kwa kichupa. Hapo ndipo mtakapoona kama mkakati huu umemfikiri mpishi: tazameni kipimo kidogo kabisa kinachouzwa dukani mtaani kwenu, na bei yake.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo ni hii. Kila mmoja amtafute mama au bibi mwenye jiko la mafuta lililowekwa, alihesabu tambi zake, kisha amwulize: liliwashwa lini kwa mara ya mwisho, lilipika nini siku hiyo, na mafuta yalikuwa shilingi ngapi? Andikeni majibu daftarini pamoja na mwaka. Kwa herini.